Zawadi ya Krismasi na Debe la Januari

Mada iliyotolewa Korogwe mjini na mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za diakonia na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka sharika za Handeni na Korogwe, katika juma la kwanza la Majilio.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuonyesha upendo kwa chakula na zawadi wakati wa sikukuu. Mahubiri ya Krismasi nawaachia wachungaji. Mimi ni mtu wa miradi, kwa hiyo nitazungumza zaidi juu ya ghala, sufuria na mfuko.

Kwanza tukumbuke tuko wapi katika mwaka. Kadi za Krismasi zinazouzwa madukani bado zina picha za theluji, wakati hapa Korogwe Desemba mtu analala madirisha wazi na bado anatoka jasho. Wamisionari wa Betheli waliofika Mlalo mwaka 1891 walitoka katika nchi ambako Desemba ni katikati ya baridi. Kule mavuno yameshaingia, shamba limelala, watu wanakaa ndani na kula walichoweka. Krismasi inawakuta ghala likiwa bado zito. Sisi tuliipokea sikukuu kwa furaha pamoja na tarehe yake, lakini mvua zetu hazikubadilika kuifuata tarehe hiyo. Mahindi ya masika tunayavuna Julai na Agosti. Ikifika Desemba tumekula miezi minne au mitano, tumeuza kwa ajili ya matibabu na michango, na dumuzi naye amekula sehemu yake bila kualikwa. Mahindi ya vuli bado yako shambani. Vuli ikiwa nzuri tutachoma mabichi Januari na kupata makavu mwezi wa pili au zaidi. Vuli ikiwa mbaya, mnajua wenyewe.

Maana yake ni kwamba sikukuu yetu kubwa ya kula inaangukia wakati ambapo nyumba nyingi zimeanza kuona sakafu ya ghala. Ndiyo sababu nataka tujiulize swali moja tu leo: zawadi ninayompa mtu tarehe 25 Desemba itamkuta na hali gani tarehe 25 Januari?

Kwa watu wa Handeni swali hili si geni. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliikumba nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakapanda majahazi kwa ahadi ya kazi na riziki, wakajikuta wameuzwa utumwani Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji kando ya Mto Juba, na vizazi kwa vizazi wakaendelea kuzungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wajukuu wao walikimbia, na wengine wakarudi huku huku walikotoka babu zao. Tangu mwaka 2003 wako Chogo, hapa hapa wilayani Handeni, wakiwa wamepewa ardhi na baadaye wengi wao uraia. Nasimulia jambo hili kwa sababu tukisema chakula ni upendo, tusiseme kama watu wanaozungumzia mapambo. Katika nchi hii kuna mtu aliyepoteza nyumba, jina na nchi kwa kukosa kibaba cha nafaka na kukosa jirani mwenye nacho.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kupiga vita pilau. Mtoto anayekula ugali na mboga za kunde mwaka mzima ana haki ya kunusa bizari nyumbani kwao siku moja, na mzazi anayejinyima ili siku hiyo iwepo anafanya jambo jema. Nimewahi kusikia wataalamu wenzangu wakiwaambia wanakijiji kwamba sherehe ni ubadhirifu. Mimi siafiki. Watu wasiosherehekea pamoja hawasaidiani wakati wa shida pia. Ninachosema ni kwamba tufanye hesabu. Debe moja la mahindi, kwa familia ya watu 6, linakwenda kama wiki moja. Kreti moja ya soda ina chupa 24 na inaisha kabla wageni wa mchana hawajafika. Ukienda dukani Desemba, uliza bei ya vyote viwili, kisha uamue ukiwa unajua unabadilisha nini na nini.

Nyama nayo ina hesabu yake. Mnadani mbuzi hupanda bei kadiri sikukuu inavyokaribia. Mwenye mbuzi wa kuuza asubiri, na kikundi kinachotaka kuchinja kinunue mapema na kumfuga. Hilo halihitaji semina.

Sasa niseme juu ya sahani, maana hapo ndipo tulipo na utajiri ambao wafadhili hawawezi kutuletea. Handeni na Korogwe tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Desturi yetu ni kwamba siku ya Iddi sahani inakuja kwetu, siku ya Krismasi sahani inakwenda kwao, na haifai sahani ya watu irudi tupu. Anayeijua desturi hii anajua pia mambo madogo yanayoibeba. Mbuzi au kuku anachinjwa na jirani Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Sufuria haijapikiwa kitu ambacho mwenzako hali. Chakula kinapelekwa kikiwa cha moto na mapema, kwa sababu kwa joto la Desemba pilau la asubuhi likilala hadi usiku ni ugonjwa. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Waliofikiri vizuri hawakupeleka sahani mchana, walingoja magharibi wakaipeleka kama futari. Kwa mzunguko wa mwezi, Krismasi za mwaka 2031 na 2032 zinatarajiwa kuangukia tena ndani ya Ramadhani, kwa hiyo wale vijana mliokaa nyuma, wekeni akilini. Kumjali mtu ni pamoja na kujua saa yake ya kula.

Na sahani hiyo haiendi wazi. Inafunikwa kwa kawa, au kwa kitambaa safi, au kwa sahani nyingine. Kawa inazuia nzi na vumbi, lakini mama zetu walijua kazi yake nyingine. Anayepita njiani haoni kama ndani mna mapaja ya kuku au mna wali mtupu. Aliyepeleka kingi hajivuni na aliyepeleka kidogo haaibiki. Anayepokea naye hahesabiwi na mtaa mzima.

Hapa naomba niseme waziwazi jambo linalonikera katika kazi yetu sisi watu wa makanisa na mashirika. Tunapogawa zawadi za Krismasi kwa wajane, wazee na yatima, kawa tunaiondoa. Tunawapanga mstari mbele ya kanisa, tunasoma majina kwa kipaza sauti, kila mmoja anashika kilo 2 za sukari na kipande cha sabuni, anatazama kamera, halafu picha inakwenda kwenye taarifa. Siku hizi haingoji hata taarifa, inazunguka kwenye simu kabla mama huyo hajafika nyumbani. Mjukuu wake anayesoma sekondari anaiona. Najua wafadhili wanataka ushahidi, na mimi mwenyewe ndiye ninayeandika taarifa hizo. Ushahidi unaweza kuwa daftari la kupokelea vitu lenye sahihi au dole gumba, na picha ya magunia yaliyopangwa. Magunia hayana aibu.

Mnakumbuka Boazi katika kitabu cha Ruthu. Aliweza kumwita yule mgeni mwanamke mbele ya wavunaji akampa mzigo wa shayiri, wote wakapiga makofi. Badala yake aliwaagiza vijana wake waache masuke yaanguke kana kwamba ni bahati mbaya, ayaokote kama jasho lake. Jioni Ruthu alirudi kwa mkwewe amebeba chakula na amebeba heshima yake. Hiyo ndiyo diakonia.

Nije kwenye zawadi yenyewe. Mwaka mmoja tulimtembelea bibi mmoja katika kijiji kilicho mbali na barabara ya lami, siku chache baada ya Krismasi. Kwenye kona ya chumba alikuwa na sukari kama kilo 9. Vikundi vitatu vilikuwa vimepita, kila kimoja kimemletea sukari, kwa kuwa sukari ndiyo zawadi inayojulikana. Bibi ana kisukari. Alipotueleza alicheka, akasema, "Wanangu, wamenipenda mpaka wataniua." Chumvi hakuwa nayo, mafuta ya taa hakuwa nayo, na paa la jiko lilikuwa linavuja. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake robo saa kabla ya kwenda dukani.

Kwa hiyo kamati ya diakonia ianze na kigoda. Wazee wetu wengi sasa wana shinikizo la damu au kisukari, na kapu letu la sukari, soda, biskuti na mafuta ya kula ni kapu la kuwarudisha hospitali. Maharage, choroko, dagaa waliokaushwa vizuri, mayai, kuku wa kutaga, unga uliosagwa safi, hivyo vinakaa na vinajenga. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ndivyo zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watatu wamedumaa. Kudumaa hakuonekani siku ya Krismasi, maana mtoto amevaa gauni jipya.

Kuhusu gauni hilo: elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Shule zinafunguliwa Januari, wiki chache tu baada ya sikukuu. Mama ambaye amenunua nguo ya Krismasi kwa fedha ya mwisho anajikuta anauza debe la mahindi kununua shati jeupe. Shangazi au mjomba anayetaka kumpendeza mtoto anunue hilo shati, alifunge vizuri kama zawadi nyingine yoyote, na aongeze peremende mbili juu yake ili mtoto asione amepewa kazi badala ya zawadi. Mtoto naye ni mtu.

Kanga ni zawadi nzuri sana kwa mama, ila someni maandishi. Kanga inazungumza, na mkwe aliyepewa doti yenye maneno ya kijembe hataamini kwamba muuzaji ndiye aliyeichagua.

Ipo zawadi moja ambayo naipenda kuliko zote na haifungwi kwenye karatasi. Nyumba nyingi kufikia Desemba zina deni kwenye duka la kijijini: unga, sabuni, dawa ya mtoto. Mwenye duka ana daftari. Nenda kimya, lipa, mwambie aandike kwamba limekwisha na asitaje aliyelipa. Mwenye deni atakapokuja kwa kunyata kuomba nusu kilo nyingine ataambiwa hadaiwi. Mwenye duka naye amepata mtaji wa Januari, kwa hiyo umetoa zawadi mbili kwa bei ya moja.

Sasa wageni kutoka mjini. Kila Desemba mnaona mabasi yanavyopita Segera, hapa Korogwe na Mombo, usiku na mchana, yakiwapeleka watu Kilimanjaro na Arusha, na yetu pia yanashusha watoto wetu kutoka Dar es Salaam na Tanga. Wanakuja na mikate, sukari, simu za zamani, nguo. Tunafurahi. Lakini angalieni wanavyoondoka. Mila inasema mgeni hatoki mikono mitupu, kwa hiyo bibi anakamata jogoo, babu anashusha debe la mahindi, na mama mdogo anafunga maharage. Gari linarudi mjini limebeba ghala. Nimekaa stendi nikatazama mizigo ya tarehe 2 na tarehe 3 Januari, na kwa macho yangu chakula kinachotoka ni kingi kuliko kilichoingia.

Simwambii mtu akatae zawadi ya mama yake. Huko ni kumtukana. Lakini mtoto mwenye akili anaweza kusema mapema, akiwa amekaa jikoni na mama, kwamba safari hii hamu yake ni maembe. Desemba maembe yapo, yameanguka chini ya mti, na mtu wa mjini akipewa kapu la maembe ya kwao anafurahi kweli. Vijana wenye magari mnaonisikia, tafadhali pelekeni ujumbe huu kwa ndugu zenu. Na anayetaka kuacha kitu, asimwachie mzee noti mkononi siku ya kuondoka mbele ya wajukuu kumi. Amnunulie magunia mawili ya mahindi Agosti wakati bei iko chini, ayahifadhi vizuri, Krismasi iyakute ndani.

Kuhifadhi vizuri maana yake mnaijua, ila narudia kwa ajili ya wapya. Ile mifuko ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na mfuko wa kawaida nje, ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni. Inafanya kazi kwa kuwanyima wadudu hewa, bila dawa yoyote. Nafaka lazima iwe kavu. Chukueni chupa kavu, tieni punje na chumvi kavu kidogo, tikiseni, ngojeni robo saa. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Mfuko mmoja kama zawadi ya Krismasi unaonekana kitu kidogo, kwa kuwa ni mtupu. Mpeni mtu pamoja na debe moja ndani yake, ataelewa.

Na hapo niingie kwenye sumukuvu, jambo ambalo sitalipitia haraka. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara, macho yakawa ya njano, na wapatao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye ukungu. Kiteto, moja ya wilaya zilizoguswa, inapakana na majirani zetu wa Kilindi. Sumukuvu haitoki kwa kupika, hata ugali ukichemka vipi. Sasa niambieni ukweli, ndugu zangu: tunapotangaza sadaka ya mahindi kwa ajili ya wahitaji, ni gunia gani linaletwa? Mara nyingi ni lile la chini kabisa, lililogusa sakafu, lenye rangi ya kijani pembeni, ambalo mwenyewe hangewapikia wanawe. Tunaliita sadaka. Kuanzia mwaka huu kila gunia lifunguliwe na limwagwe juu ya turubai mbele ya watu wawili wa kamati. Lenye ukungu lisipokelewe, liwe limeletwa na mzee wa kanisa au na nani. Kama mtu ana debe moja zuri na gunia moja bovu, debe hilo ndilo tunalolitaka.

Vikundi vya kuweka na kukopa, nawageukieni ninyi mwishoni kwa sababu fedha iko kwenu. Wengi mnavunja kisanduku Desemba. Mama anapata kwa mkupuo fedha ambayo haijawahi kukaa mkononi mwake mwaka mzima, na wiki hiyo hiyo mume, wakwe, mashemeji na wachuuzi wote wanajua. Ifikapo mwaka mpya imekwisha, na Februari anarudi kukopa chakula. Kikundi kimoja cha upande wa Magoma kilikubaliana kugawana mara mbili: sehemu ya sikukuu katikati ya Desemba, sehemu ya mbegu, sare na chakula wiki ya pili ya Januari. Walibishana sana kabla ya kukubali. Mama mmoja alisema anataka fedha yake yote na Mungu atajua Januari. Sikumlaumu, ni jasho lake. Lakini mwaka uliofuata yeye ndiye aliyependekeza utaratibu uendelee.

Kuna jambo la mwisho la utekelezaji. Sharika za milimani, Bungu, Vugiri na Dindira, mmesema mna ndizi na maharage. Sharika za Handeni mna choroko na mahindi, na Mombo mna mchele. Tumekubaliana tubadilishane badala ya kila mmoja kununua dukani. Gari la mradi litapita Mkata, Kabuku na Segera tarehe 17 Desemba, na Mombo na Makuyuni siku inayofuata. Wa milimani mshushe mizigo yenu Korogwe kabla ya tarehe 18 jioni, maana mvua ikinyesha dereva hatapanda. Kila mfuko uandikwe uzito na aina ya chakula. Jina la mtoaji lisiandikwe, na la mpokeaji libaki kwenye daftari la mwinjilisti wa mtaa. Kupeleka nyumbani kwa mtu kufanyike jioni, watu wawili wawili, na mzigo ufunikwe.